Aksanti Ambayo Mado Hakusema

Watu wa mtaa wa Katuba wana maneno mengi ya kumsema mtoto, na Mado alikuwa ameyapata yote: mwenye akili, mwenye mdomo, mwenye kichwa kigumu. Hilo la mwisho bibi yake, Mama Kangwa, alilisema kila siku, mara nyingine mara mbili kabla ya uji. Mado alikuwa na miaka kumi na minne, mwembamba, sauti kubwa kuliko mwili. Mpaka anatimiza miaka tisa, kazi yake ilikuwa kuchagua mawe ya shaba kwenye depo, yaani ghala, ya mnunuzi mmoja, wenzake wakiwa darasani. Aliyemtoa huko ni Papa Adalbert, mlezi wa kikundi cha watoto cha mtaani kwao. Alikwenda shuleni na kusimama mbele ya mwalimu mkuu mpaka jina la Mado likaandikwa. Tangu siku hiyo, ukimsema vibaya Adalbert mbele ya Mado, ujiandae kupigana.

Kikundi kilikutana kila Jumamosi, na watoto ndio waliokiongoza. Hayo si maneno ya kupamba ripoti. Adalbert alichora mstari wa chaki sakafuni. Watoto walikaa upande huu, wakubwa upande ule, na mkubwa akitaka kusema aliinua mkono akangoja ruhusa. Adalbert mwenyewe alingoja. Siku moja walimsahau na mkono juu mpaka ukafa ganzi, watoto wakacheka wakashika mbavu. Mado alipochaguliwa kuwa mwenyekiti alijiona mtu, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe.

Mwaka huu kikundi kilikuwa na jambo moja tu. Watoto kumi na wawili wa depo walikataliwa shuleni kwa sababu hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Mdogo wao aliitwa Katongo, msichana wa miaka tisa, aliyemfuata Mado kila mahali na kumwita yaya, yaani dada mkubwa. Wageni wa shirika lililojenga madarasa mapya walikuwa wanakuja kutoka ng'ambo, siku mbili kabla ya shule kufunguliwa. Neno moja la wageni hao lingetosha, maana mwalimu mkuu asingethubutu kuwakatalia watu waliolipia matofali ya madarasa yake.

Watoto walipanga hotuba kwa wiki tatu. Chisanga, kijana wa miaka kumi na miwili asiyecheka ovyo, ndiye aliyeleta sharti kubwa.

"Hakuna kusema aksanti," alisema. "Tukisema aksanti, bakubwa banapiga mikono, kisha banaenda. Aksanti inafunga mulango."

Walipiga kura. Mikono yote ilikwenda juu. Adalbert aliinua wake, akangoja, akapewa nafasi, akasema ni wazo zuri sana. Yeye ndiye angetafsiri, kwa kuwa wageni walijua Kifaransa tu.

Jumamosi ikafika. Ukumbi mmoja wa mtaa wa Kamalondo ulijaa mpaka milangoni: wazazi, walimu, mwalimu mkuu na tai yake, na mbele kabisa wageni wanne. Mado alisimama. Sauti yake ilifika mpaka milangoni.

"Leo hatukukuya kuimba," alisema. "Tuko na batoto kumi na mbili benye kuchagula mawe. Masomo inabakatala juu habana cheti. Tunaomba museme na directeur abapokee siku ya kwanza. Cheti tutatafuta kisha."

Akanyamaza ili Adalbert atafsiri. Adalbert aliweka mikono kifuani kama padri na kugeukia wageni.

"Les enfants vous disent merci," alisema. "Merci pour l'école. Ils sont très heureux. Merci."

Watoto wanawashukuru kwa shule, wana furaha sana: merci tatu, aksanti tatu. Mado alizihesabu. Alingoja "directeur", mwalimu mkuu, alingoja "douze", kumi na wawili, hakuna lililokuja. Wageni walitabasamu, mmoja akajifuta machozi, wakaanza kupiga makofi, na ukumbi mzima ukafuata. Karibu kila mtu mle ndani alijua lugha zote mbili. Mwalimu mkuu alizijua vizuri kupita wote, na alipiga makofi kwa nguvu kupita wote. Wanasema asante ya punda ni mateke. Siku ile wageni walipata aksanti, na watoto kumi na wawili hawakupata hata teke.

Mado alimkuta Adalbert nje, wageni wakiwa wameshapanda magari.

"Papa Adalbert, mi nilisema merci?"

Hakumtazama usoni. "Mado, mwana yangu, mugeni ni mugeni. Hauwezi kumutwisha muzigo ya kwanza kwanza. Bakikasirika, kikundi kitakufa."

"Kikundi njo sisi. Tulichagula maneno yetu. Na weye ulinyanyua mukono!"

"Ile ya chaki na mikono," alisema kwa upole, na upole huo ndio uliomuua Mado, "ilikuwa ya kubafundisha tu. Ku bakubwa, mambo haiendake vile."

Kikulacho ki nguoni mwako, na Mado alikuwa amelivaa vazi hilo miaka mitano. Aliumia kuliko siku yoyote ya depo. Mnunuzi wa mawe alimwibia mchana kweupe, hakumwambia kwamba anampenda. Huyu alimpa mdomo, akamfundisha kuutumia, kisha siku ya kuutumia akauziba kwa mkono wake. Alitembea mpaka nyumbani, na siku hiyo Mama Kangwa hakutaja kichwa kigumu hata mara moja.

Jumatatu asubuhi mlango uligongwa. Katongo alikuwa amesimama nje, amepakwa mafuta mpaka miguuni, amevaa shati jeupe la kuazima lililomfika magotini.

"Yaya, twende. Tutachelewa."

"Wapi?"

"Ku masomo." Alimtazama Mado kama mtu anayeulizwa jina lake. "Si balikubali? Papa Adalbert alisema merci. Muntu anasemaka merci akishapewa."

Mado alitaka kusema kesho, au wiki ijayo, neno laini lolote. Likamfika mpaka ulimini, akatambua lilikotoka, kwa Adalbert, akalimeza.

"Habakukubali, Katongo. Habakusikia hata. Papa Adalbert hakubaambia kile nilisema."

Mtoto aliliangalia shati lake. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja kwa uangalifu, maana mwenye shati alikuwa anakwenda shule ya mchana na angelihitaji likiwa safi.

"Na weye ulijua? Kulekule?"

"Nilijua."

"Sasa juu ya nini na weye ulipiga mikono? Nilikuwa nyuma yako, yaya. Nilikuona."

Mado akatazama viganja vyake. Ni kweli, alikuwa amepiga.