Nekesa Hazaliwi Januari

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa Jumanne, kabla ya saa nne asubuhi, katika makao ya wazee yaliyokuwa Kibomet, pale Kitale. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita. Lakini nianze nyuma kidogo, maana kosa huanza kabla ya siku yake.

Makao yale yalikuwa ya kanisa. Wazee walikuwa ishirini na wanne, wengi kutoka upande wa Bungoma, nami nilikuwa mhudumu: kuosha, kulisha, kuwageuza waliolala kitandani wasipate vidonda. Habari za kila mzee ziliandikwa katika daftari kubwa la ofisini, lenye madoa ya uji na miandiko ya watu sita. Mwaka mmoja katika ile miaka ya elfu mbili, marafiki wa kanisa wakatuletea kompyuta tatu ndogo za mkononi, za kuandikia kwa kikalamu cha plastiki. Sasa mhudumu angeweza kuandika pale pale kando ya kitanda: mzee amekula nini, amemeza dawa gani, mgongo wake ukoje. Kilikuwa kitu kizuri, na hata leo nasema kilikuwa kizuri.

Mimi sikusoma chuo. Kompyuta nilijifunza mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada nilichonunua sokoni Bungoma, nikakisoma ukurasa kwa ukurasa, hata kurasa zisizonihusu. Kwa hiyo nilipopewa kazi ya kuhamisha habari kutoka daftarini hadi kwenye mashine, kichwa kilinivimba. Nilitaka kumaliza kwa siku tatu. Mama Rispa, mhudumu mkuu, aliyekuwa amefanya kazi pale miaka kumi na tisa na kujua dawa za kila mzee kwa kichwa, alisimama nyuma yangu akaniangalia.

"Hiyo kitu inajua watu wetu?"

"Inajua kila kitu, mama."

"Sawa bana. Lakini daftari usichome."

Mashine ilikuwa na sharti moja: haikukubali jina bila tarehe ya kuzaliwa. Wazee wengi hawakuwa na tarehe. Wengine vitambulisho vyao vilitaja mwaka tu, tena wa kukisia, na wengine hawakuwa na kitambulisho kabisa. Dawa ilikuwa kuwauliza. Lakini mimi niliona kumuuliza mzee ni kuanzisha hadithi, na hadithi ya mzee haina mlango wa kutokea. Basi wote wasiokuwa na tarehe nikawapa siku moja, tarehe moja Januari, 1930. Sikumuuliza hata mmoja.

Kulikuwa na akina mama wawili walioitwa Maria Nekesa. Mmoja alitoka Malakisi, alikokuwa amelima tumbaku tangu usichana wake, naye alikuwa na ugonjwa wa sukari. Wa pili alitoka Lwakhakha, alikokuwa akivusha maharagwe mpakani, na hakuwa na ugonjwa ila magoti. Sisi tuliwaita kukhu wa Malakisi na kukhu wa Lwakhakha, kukhu maana yake nyanya, na hakuna aliyewahi kuwachanganya. Nilipoandika Maria Nekesa wa pili, na tarehe ile ile ya Januari, mashine ikaniambia mtu huyo yumo tayari. Nikadhani nimemrudia. Nikakubali, na habari za watu wawili zikawa za mtu mmoja.

Nilipomaliza nilihesabu majina, kwa sababu mimi ni mtu wa kuhesabu. Yalikuwa ishirini na matatu. Niliona, mwanangu, usidhani sikuona. Nikajiambia kwamba aliyepungua ni mzee mmoja aliyechukuliwa na wanawe wiki ile, ingawa jina lake nilikuwa nimeliandika, kisha nikazima mashine. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Jumanne hiyo muuguzi wetu alikuwa likizo ya uzazi, na mahali pake akaja Sista Violet kutoka Bungoma, siku yake ya kwanza. Alishika mashine akasoma: Maria Nekesa, kidonge cha sukari asubuhi. Kwenye benchi la nje alikuwa ameketi kukhu wa Lwakhakha.

"Wewe ndiye Maria Nekesa?"

"Ndiye mimi," akajibu, na hakudanganya.

Akameza kidonge cha kushusha sukari mwilini. Uji wa asubuhi alikuwa ameukataa, ati unanuka moshi.

Nilipopita pale baadaye nilimkuta amelowa jasho, kidevu kimeanguka kifuani. Nilimwita, akaniitikia kwa jina la mtu nisiyemjua, ulimi mzito. Mama Rispa alitoka bafuni na povu mikononi.

"Amepewa nini huyu?"

Sista Violet akamwonyesha mashine.

"Mimi siulizi mashine. Nauliza wewe."

Alipoambiwa, hakubishana. Alilowesha sukari kwa maji, akawa anampaka ndani ya shavu kwa kidole, kidogo kidogo. "Meza, mama. Si unajua kumeza. Meza." Mimi nilikimbia kutafuta gari. Njiani kwenda hospitali nilimshika mkono nikahesabu pumzi zake, na kwa mara ya kwanza maishani niliogopa kuhesabu.

Alipona, ingawa alilazwa siku tatu. Siku ya pili Sista Violet aliitwa ofisini ajieleze, na wengi walikwisha kusema ni ugeni wake. Ningeweza kunyamaza. Niliingia ofisini kabla yake nikaeleza nilichofanya, pamoja na yale majina ishirini na matatu. Kisha nikaenda hospitalini kumwambia kukhu mwenyewe.

Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nani alikuambia nilizaliwa Januari?"

"Hakuna, kukhu."

"Januari huko kwenu watu wanavuna nini?"

"Hawavuni kitu."

"Sasa Nekesa atazaliwa Januari namna gani? Na wewe Wafula, ulizaliwa kiangazi?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alicheka. Mimi sikucheka. Kwetu msichana wa msimu wa mavuno ndiye Nekesa, na mvulana wa msimu wa mvua ndiye Wafula. Nilikuwa nimeandika jambo ambalo mtoto yeyote wa Kibukusu angejua ni uongo, na jina lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu.

"Papa," akaniambia, sauti imeshuka, kama mama anavyomwita mwanawe. "Mimi niko hapo kwa benchi kila siku. Kutoka ofisi mpaka hapo ni hatua ngapi?"

"Kama kumi na mbili."

"Ungenikuta. Haya, kaa chini uniulize."

Nikakaa. Alizaliwa watu wakivuna wimbi, na mavuno yaliyofuata, kaka yake alipotahiriwa, yeye alikuwa ameanza kusimama. Kwetu vijana hutahiriwa mwezi wa nane, katika miaka ya shufwa. Basi alizaliwa mwaka wa witiri, na ile 1930 yangu haikuwezekana hata kwa hesabu. Akaniambia pia jambo ambalo halikuwa daftarini wala kwenye mashine: kuna dawa ya malaria ambayo humvimbisha uso. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Niliporudi Kibomet nilianza upya, mzee mmoja baada ya mwingine, mashine ikiwa juu ya goti langu. Kazi ya siku tatu ilichukua wiki tano. Baadhi ya hadithi zilinichosha kweli, sikufichi.

Mwanangu, leo wewe una mashine bora kuliko ile, na vidole vyepesi kuliko vyangu. Sikuambii uiogope. Ile yetu ilijaribu hata kunionya, mimi ndiye niliyeinyamazisha. Nakuambia hivi: usimwandike mtu kabla hujaketi naye. Pengo usilolijua, liache wazi, maana pengo humfanya anayekuja nyuma yako aulize, lakini uongo ulioandikwa vizuri humtuliza. Hesabu ikikataa, amka ukatafute aliyepungua, kwa kuwa yeye si namba. Na ukikosea, sema kabla mwingine hajaitwa kujibu. Wazee walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilijua kusoma kitabu kizima peke yangu, na bado nilikuwa mjinga, kwa sababu sikuuliza.

Mungu akupe subira ya kukaa kando ya mzee hadi amalize kusema. Na siku utakapozeeka wewe, ukikaa kimya kwenye benchi la watu wengine, akuletee kijana atakayevuta kiti na kukuuliza ulizaliwa watu wakivuna nini.