Maji ya Kuoga Yako Tayari

Tangu aache kutangaza redioni na kuanza kuiuza sauti yake mwenyewe, kibarua hiki leo, kile kesho, jirani hurekodi ndani ya kabati la matandiko, na Mama Kinue humsikia kupitia ukutani. Jirani huvua saa isije ikasikika, hukohoa kidogo, hujipapasa kifua kama anayetafuta ufunguo, ndipo aseme. Wiki hii anajaribiwa na kiwanda cha mashine za kuchemshia maji ya bafu, zile zinazoongea maji yakishapata moto, kwa sentensi moja tu: "Maji ya kuoga yako tayari." Alipoisema mara ya kwanza, Mama Kinue alijikuta ngazini, helmeti kichwani, begi la dharura mgongoni, kabla hata hajayang'amua maneno.

"Mama, kuna nini?" Jirani alitoka mbio.

"Si umetangaza wewe!"

"Nimesema maji ya kuoga tu!"

"Kwa sauti ileile iliyotukimbiza redioni siku ya tsunami! Mwanangu, wakikuchukua hao, mji mzima utapanda mlimani na taulo kiunoni."

Mama Kinue alicheka peke yake. Jirani alikuwa ameshika reli ya ngazi kwa mikono miwili.

"Hata kiwandani wanasema niweke tabasamu kwenye sauti," alisema polepole. "Naliweka, mama. Sina sauti nyingine."

Akarudi kabatini. Sasa anajaribu tena, kwa ulaini, karibu abembeleze. Mama Kinue anajua fika kwamba ni maji ya kuoga. Ameketi mlangoni, viatu miguuni.