Kitambaa cha Mama Adongo

Dada Trizah wa hapa Amagoro kazi yake ni kuunganisha kompyuta na televisheni. Jumamosi alikuja kwa jirani yangu Mama Adongo, aliyevunjika nyonga, ili mama huyo aone moja kwa moja kwenye televisheni bintiye akiolewa Mombasa. Macho ya mama huona skrini kubwa tu.

Kwenye kompyuta pasta alishaanza kuwauliza maharusi maswali ya kiapo. Televisheni ikabaki nyeusi.

"Trizah, mtoto wangu anaolewa bila mimi!"

"Tulia, mama."

Alibadilisha waya. Bado. Nikamnyonyesha mwanangu mchanga asilie. Trizah akapapasa nyuma ya televisheni, akavuta pindo la kitambaa cha kufuma kilichoifunika, lililobanwa kwenye tundu la waya.

"Mama, umeivalisha mpaka masikioni!"

Waya ukaingia wote. Skrini ikawaka, bibi harusi akifungua mdomo kujibu.

Mama Adongo akamtangulia: "Ndiyo!"