Tandiko la Shemeji

Mtu akianza kunisifia adabu ya watu wa pwani, siku hizi namkata kauli. Namwuliza: adabu ya nani, na anayeumia ni nani? Nina hasira mpaka leo, na sioni kwa nini niifiche.

Binti yangu anafanya kazi na farasi. Jamaa zetu Mombasa wakisikia hucheka, kwa sababu kwetu anayeshinda na mnyama wa kupandwa ni mchukuzi wa punda, na mimi na baba yake hatukuhamia Birmingham ili mtoto awe mchukuzi. Lakini ndiyo kazi aliyoitaka. Nje kidogo ya Sutton Coldfield kuna mkulima mwenye ng'ombe, na binti yangu huwazungukia kutwa akiwa juu ya farasi, akikagua uzio, akirudisha ndama waliopotea. Alinunua farasi wawili vijana, dume na jike wa mama mmoja, weusi kwa weupe, wa miraba minne, wana migongo mipana hata ungeweza kuwapakulia wageni juu yake. Mkulima akampa nafasi ya kuwaweka palepale shambani.

Kazi ya kutwa inataka tandiko la kazi, lile la wachunga ng'ombe wa Marekani: zito, lina pembe mbele ya kufungia kamba, na linatandaza uzito wa mpandaji. Ndani yake mna mbao mbili, moja huku na moja huku, zinazolala kando ya uti wa mgongo. Farasi akiwa mpana na mbao zimesimama, zinambana mabegani. Na farasi kijana bado anapanuka, kwa hiyo unamchagulia kama unavyomnunulia mtoto viatu vya shule. Haya yote ni yeye aliyenifundisha. Alipinda waya juu ya migongo yao, akachora umbo lake kwenye kadibodi, akatembea na hiyo kadibodi duka baada ya duka. Kila tandiko lililokaribia aliliazima, akaliweka mgongoni tupu, bila blanketi, akapitisha kiganja chini yake. Mwishowe akalipata: la mtumba, la kahawia, halina urembo wowote, mbao zake zimelala. Akawajaribisha wote wawili, likatulia, akaweka arbuni dukani. Alinipigia simu niko kazini Edgbaston, anacheka peke yake.

Juma lilelile likaja sanduku kutoka Marekani.

Lilikuwa limetoka kwa shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Baba yao alikufa mapema, na huyu kaka ndiye aliyemlea mdogo wake na kumsomesha. Amefanya kazi kwenye mashamba ya ng'ombe huko Marekani mpaka ameota mvi. Alisikia mtoto wa ndugu yake ana farasi, akamletea tandiko: jipya, limenakshiwa maua kila mahali, lina vifungo vya fedha. Mume wangu alilikumbatia pale sebuleni, akalia. Binti yangu akaingiza mikono chini yake, akapima zile mbao na kadibodi yake, akaniangalia. Lilikuwa jembamba.

"Baba, halitawatosha."

"Zawadi ya baba yako mkubwa haipimwi," mume wangu akasema. "Lile la mtumba waambie hulitaki tena."

Nikamwambia bwana, tandiko si kanga, kwamba hata isiyokupendeza utajifunga ukaonekane. Akaniambia nisimvunjie heshima mbele ya mtoto. Mtoto akapiga simu dukani. Tumemlea vizuri mno, hilo ndilo kosa letu.

Dume ndiye aliyelivaa kwanza. Picha zikaenda Marekani kila juma, na mume wangu akawa anamsomea kaka yake sifa kwa simu: limekaa, kaka, limekaa kama amezaliwa nalo. Siku moja nilikwenda shambani nikakuta ndiyo kwanza linavuliwa. Mgongo wote wa yule mnyama ulikuwa umelowa jasho, isipokuwa mabegani, mabaka mawili makavu, kila moja kama kiganja, pale mbao zilipobana hata jasho likashindwa kutoka. Mimi ni muuguzi. Kutwa nawageuza wagonjwa ubavu huu na ubavu huu wasifanye vidonda vya kulalia, na najua nyama inayobanwa inavyokuwa. Nilirudi nyumbani Harborne nikayasema yote. Mume wangu akasikiliza mpaka mwisho, halafu kesho yake akanunua blanketi nene la kuweka chini. Ebo, kiatu kikikubana unavaa soksi nene? Akasema nimsubirie tu kaka aje kutembea, alione kwa macho yake, ndipo tubadilishe. Mvumilivu hula mbivu, akaniambia. Sijui nani aliyekuwa ale hizo mbivu.

Farasi hana kinywa cha kusema, ana mgongo. Alianza kulaza masikio akiona tandiko linakuja. Kisha akaanza kuuma mkanda wa tumboni. Kisha akawa anapinda mgongo na kurusha miguu, na wafanyakazi wa shamba wakaanza kumwita mkorofi. Siku aliyomwangusha binti yangu, binti alivunjika mtulinga, ule mfupa wa juu ya kifua. Mkulima akasema mnyama wa namna hiyo hatamweka kwenye ardhi yake, na jike naye akirusha miguu hata mara moja, basi waondoke wote, farasi na mwenyewe. Binti yangu yuko kitandani, mkono umefungwa, dawa zimemlevya, na baba yake akampigia simu dalali wa farasi, dume akachukuliwa. Binti aliporudi shambani kumuuguza dume wake, alikuta jike peke yake anazunguka malishoni, analia.

Sijapata kumsikia mwanangu akimfokea baba yake. Hata siku hiyo hakufoka. Alisema tu kwamba jike hatalivaa lile tandiko, akaanza kumpanda bila tandiko, kwa blanketi na kamba tu, kazi ya kutwa nzima, na mtulinga ambao haujaunga sawasawa. Na baba yake akaendelea kuongea na Marekani. Dume vipi? Ah, kaka, alikuwa na tabia mbaya, tumemwuza.

Shemeji akaja kiangazi. Ni mtu mpole, sina neno naye kwa hilo. Jumapili tukaenda shambani sote, na mume wangu ameshika simu tayari kwa picha, anataka kaka yake ampande jike juu ya tandiko lake mwenyewe. Mkulima amesimama langoni, amekunja mikono. Binti yangu akanivuta pembeni. Akaniambia, "Mama, akirusha miguu leo ndiyo basi."

Shemeji akalitandika mwenyewe, na mtoto kwa adabu hakumzuia mgeni. Jike akalaza masikio. Nikamwona shemeji akipitisha vidole chini, mbele, pale begani. Havikuingia. Akajaribu tena, havikuingia. Mzee aliyeishi na farasi umri wake wote. Akautoa mkono, akamgeukia ndugu yake aliyekuwa anatabasamu, akasema, "Limekaa vizuri, mashallah."

Hapo nilipasuka. Nilimshika mkono, mimi, mke wa mdogo wake, nikamwambia, "Shemeji, rudisha vidole vyako pale, unieleze vimeingia wapi."

Mume wangu akaniita kwa sauti ya kunionya. Sikugeuka. Shemeji akavirudisha, havikuingia, akavitoa. "Najua, mke wangu," akasema. "Niliona linambana mabegani tangu picha ya kwanza. Sasa mtu anakushukuru kwa machozi, utamwambia shukrani zake ni za bure? Ningemvunja moyo."

Alijua. Mmoja huku anaogopa kumuudhi kaka, mwingine kule anaogopa kumuudhi mdogo, na katikati yao mnyama anabanwa mabegani. Wapiganapo tembo nyasi huumia, tunaambiwa. Hawa wangu hawakupigana. Walikuwa wakiinamiana, na nyasi ziliumia vilevile. Binti yangu hakungoja ruhusa ya mtu. Akafungua mkanda, akalishusha lile tandiko chini majanini, akampeleka jike malishoni.

Jioni tukakaa nyumbani, chai na mahamri mezani. Binti yangu alikuwa amempigia dalali. Dume alikuwa ameuzwa tena, kwa mtu ambaye naye alikwisha kumpitisha mbele, kwa sababu farasi mwenye sifa ya ukorofi hakai mahali. Hakuna aliyejua yuko wapi. Akatwambia hivyo, akakaa.

Na wale ndugu wawili wakaanza kuombana radhi.

"Nisamehe, kaka, ningekwambia."

"La, nisamehe mimi, mdogo wangu, mimi ndiye mkubwa."

"Hapana, kaka, kosa ni langu."

Wakashikana mikono, wakafutana machozi, chai ikapoa. Binti yangu alikuwa hapohapo kwenye kiti, mkono wake umeshika upande ule uliovunjika mtulinga, na hakuna hata mmoja aliyemgeukia kumwambia neno. Heshima si utumwa, watu husema, lakini waliosema hawakuwaona hawa.

Kisha shemeji akajipangusa uso, akachangamka. "Basi nitamletea jingine," akasema. "Kubwa zaidi. Nikirudi tu."

Hakuuliza upana. Hakuomba ile kadibodi. Na mume wangu, Wallahi, hata pumzi hakuvuta, akasema, "Ahsante sana, kaka. Mungu akuzidishie."

Binti yangu akafumba macho.

Nikaweka birika mezani. "Hatutaki, shemeji," nikasema.

Mume wangu akanitazama kana kwamba nimemvua nguo mbele za watu, na shemeji akainamisha kichwa. Neno lenyewe ni hilo moja, wala halikuniua. Angelisema mtu siku lile sanduku lilipofunguliwa, mwanangu angekuwa na farasi wawili.