Shikamoo ya Mchana Ule

Binti yangu haniamkii msumeno ukiwa unazunguka. Husubiri mlangoni mpaka utulie.

Vumbi la paini likinipata puani, huwa niko tena uani kwetu Ngarenaro, siku zile mitumba ilipoanza kujaa. Baba, fundi seremala, alikuwa amepata msumeno wa umeme uliotumika Ulaya. Nilitoka shule nikamkuta akikata fremu. Kwetu mtoto hampiti mkubwa kimya, nikapaza sauti kuishinda mashine: "Shikamoo, baba!" Akainua macho aniitikie, huku mkono wa kulia ukiushusha msumeno na wa kushoto ungali juu ya ubao.

Jioni alirudi kutoka hospitali amepungukiwa kidole. Nilijificha nyuma ya pipa la maji. Akaja, akaniwekea kichwani mkono wenye bandeji.

"Mchana sikukuitikia," akasema. "Marahaba, mwanangu."