Nafasi Moja Kwenye Gari la Watalii

Tarehe tisa ya mwezi wa sita nilimpoteza mume wangu. Alifia ndani ya mbuga, chini ya mlima, na mimi nilikuwa mjini, mtaa wa Majengo, nauza makala, makaa ya kupikia. Hakufa kwa risasi. Hakuuawa na mnyama. Naandika hivyo mwanzoni kwa sababu watu wengi wameambiwa vingine, na aliyewaambia anakula kutokana na maneno hayo.

Kazi yake ilikuwa pisteur, mtu wa kufuata nyayo za gorila. Asubuhi na mapema walikwenda yeye na wenzake mpaka pale gorila walipolala jana. Walihesabu vitanda vya majani, wakagusa mavi kama bado yana joto, kisha wakafuata matawi yaliyovunjika mpaka wakawaona wenyewe. Ndipo waliita kwa redio, na watalii wakaanza kupanda. Mtalii anakaa na gorila saa moja tu. Mume wangu alikaa nao miaka kumi na moja, na nyumbani aliwasimulia kama mtu anavyosimulia majirani: yule mama amezaa, dume kubwa limenuna leo, yule mtoto mtundu ameanguka tena.

Kwao, katika milima ya Masisi, mtu wa familia yao akifia mbali, mke au mume wake anachukua kwa mkono wake mwenyewe udongo wa pale alipofia na kuutia kaburini siku ya kutoa matanga, mwaka ukitimia. Siku hiyo mwanamke mkubwa wa familia anapita kwa kila mmoja na kumfungua kitambaa cheusi cha msiba; asiyefunguliwa, msiba bado uko juu yake. Mwili tulikuwa tumeuzika. Udongo hatukuwa nao. Mahali pale ni ndani ya mbuga, na mtu kama mimi haingii bila kibali. Mama mkwe aliniambia, "Mutoto wangu angali njiani. Lete ule udongo." Mwaka ulikuwa unakaribia kwisha.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, anapanga safari za watalii. Ofisi yake iko Birere, chumba kimoja juu ya duka la vitenge. Mbuga ilikuwa imefungwa kwa muda, halafu ikafunguliwa, naye akaniita.

"Karibu, shemeji. Kaa. Nikuletee sucré ya baridi?"

"Sikuja kunywa."

"We! Hata padri anakunywaka kwanza." Akacheka peke yake. Kisha akaniambia, "Niko na bageni sita. Mu gari kuko kiti moja bure. Nikasema mu roho yangu, hii kiti ni ya muke ya kaka. Utaenda, utachukua udongo, mama atatulia."

Nilimshukuru. Sitaficha, nilimshukuru mpaka nikashika mkono wake kwa mikono miwili.

Juma lile nilimsaidia kupanga. Watu wanadhani safari ya gorila ni kupanda gari na kwenda kutazama. Majina lazima yapelekwe mapema, yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, maana herufi moja ikikosekana mgeni anarudi. Lazima wapagazi wajulikane, na fimbo, na makoti ya mvua, na glavu kwa ajili ya majani yanayowasha. Mimi nilipewa chakula: mayai ya kuchemsha, mikate, ndizi, maji. Nilishona barakoa za akiba kwa kitambaa cheupe, kwa sababu mbele ya gorila mtu hufunika mdomo. Na juu ya kila karatasi iliandikwa sheria ya kwanza: mwenye mafua au kikohozi hapandi. Gorila anapata ugonjwa wetu, na unamuua.

Siku ya nne shemeji alitoka kwenda kununua mafuta ya gari, nikabaki na karatasi ya programu ya wageni. Ilikuwa ya Kifaransa. Nilisoma mpaka darasa la sita la primaire, shule ya msingi, kwa hiyo ninasoma polepole, nikifuata kwa kidole. Ijumaa jioni, ilisema, wageni watakutana na mjane wa pisteur aliyetoa uhai wake akiwalinda gorila. Dume kubwa lilikaa kando ya maiti yake mpaka jua likazama.

Aliporudi nilikuwa bado nimeishika.

"Huyu mjane ni nani?"

"Ni wewe, shemeji."

"Na dume lilikaa kando ya maiti?"

"Bageni banapenda mambo ya vile."

"Nani aliliona?"

"Na nani aliona kama haikukaa?" Akanitazama kama mtu aliyeshinda mchezo. "Utasema dakika kumi tu. Mimi nitatafsiri. Na kama machozi inakuja, usiikatalie."

Nikauliza kama naweza kwenda bila kusema. Akafungua kalamu, akaigonga juu ya orodha ya majina. "Kiti haiko bure kabisa," alisema.

Sasa niseme ilivyokuwa.

Mume wangu alikohoa siku tatu. Pisteur anayekohoa anarudishwa nyumbani, na siku hiyo hailipwi. Mwezi ule alikuwa amekwisha kurudishwa mara mbili. Basi nikafanya kile ambacho wake wengi wa mapisteur wanafanya. Nilimchemshia tangawizi, nikamnunulia siro, dawa ya kikohozi, nikamwekea chupa mfukoni. Nikamwambia, "Kohoa yote kabla ya kona ya kambi, halafu funga mudomo." Tulicheka. Nilimgusa shingo, ilikuwa moto, nami nikamfunga koti. Tuliogopa kikohozi kitamrudisha nyumbani. Hatukufikiri jambo lingine.

Alianguka huko juu. Wenzake walimbeba kwa miti miwili na koti la mvua mpaka kambi ya walinzi, pale magari yanaposimama. Gari moja tu lilikuwepo. Lilikuwa la shemeji, na dereva alikuwa ndani amelala. Dereva akasema wageni watashuka saa tisa, hawezi kuondoka bila ruhusa ya patron wake, yaani shemeji. Wakampigia patron simu. Patron akasema angojee wageni washuke, halafu wote waende pamoja. Hakumwuliza dereva ni nani anayeumwa. Mume wangu alikufa saa nane na kitu, juu ya majani, karibu na gurudumu la gari la ndugu yake. Wenzake watatu waliokuwepo waliniambia, kila mmoja peke yake, na maneno yao hayakutofautiana.

Hapo ndipo udongo ulipo. Si juu kwa gorila. Ni pale wanapoegesha.

Hata hivyo nilikubali. Nilikasirika sana, lakini nilikubali. Nilikuwa nimeamua kusema uongo ili nipate udongo, na mtu asinisifu kwa yaliyofuata.

Ijumaa jioni tulikaa katika bustani ya hoteli kando ya ziwa. Wageni sita walikaa nusu duara. Shemeji alivaa koti jipya. Nikaanza, "Mume wangu alikuwa pisteur." Akatafsiri kwa muda mrefu sana, mrefu kuliko sentensi yangu mara kumi. Mama mmoja mgeni akaanza kulia kabla sijasema la pili. Akauliza kama lile dume bado linakumbuka.

Shemeji hakunigeukia hata kidogo. Akamjibu mwenyewe kwamba kila mwezi linashuka, linakaa palepale, linatazama njia.

Sijui ni kwa nini hilo ndilo lililonivunja. Nilikuwa nimemeza makubwa zaidi. Lakini nilimwona mume wangu juu ya majani, akisubiri, na nikaona hata kusubiri kwake amepewa mnyama.

"Non," nikasema.

Nikasimama. Kifaransa changu ni cha la sita, hakina jana wala kesho, maneno yanasimama tu moja kando ya lingine. Nilisema mume wangu anakohoa. Nilisema mimi natoa siro, mimi naficha kikohozi. Nilisema wanamleta kwenye gari, na gari haliondoki.

Mzee mmoja mgeni akauliza, "Gari gani?"

Nikaonyesha kwa kidevu. Lilikuwa limesimama nyuma yao, limeoshwa, tayari kwa asubuhi.

Shemeji alicheka kidogo, akawaambia kwamba mama ana huzuni nyingi, anachanganya. Kisha akanishika kiwiko akanitoa mpaka kwenye lango.

"Umeniua, shemeji. Unajua? Umeniua."

"Hapana. Wewe uko muzima."

"Kesho usikuje."

Wageni walikwenda. Wote sita, katika gari lile lile, na mayai yangu. Nilisikia kwamba waliwaona gorila vizuri sana.

Kabla ya Jumapili shemeji alikuwa amekwisha kumweleza mama yake habari ya siro. Mama mkwe alikuja kwangu, hakukaa.

"Ulimupa dawa ya kuficha?"

"Nilimupa, mama."

"Ulijua ana homa?"

"Nilijua. Nilimugusa."

Alitazama gunia la makala. "Na gari? Ilikuwa pale?"

"Ilikuwa pale."

"Ya huyu wangu?"

"Ya huyu wako, mama."

Akaokota kikapu chake, akaenda.

Siku ya kutoa matanga ilifika, na kaburini hatukuwa na kitu cha kutia. Familia ilishuka kutoka Masisi. Shemeji alileta ng'ombe mzima, akahakikisha kila mtu anajua ni wake. Baada ya sala tulijipanga mstari. Mama mkwe akaanza upande wa kulia, akifungua vitambaa vyeusi kimoja kimoja, akiviweka kwenye beseni. Alipofika kwangu alinipita. Aliendelea mpaka kwa mwanawe, ambaye alikuwa amekwisha kuinamisha kichwa, naye akampita vilevile.

Akachukua beseni akaingia ndani. Tulibaki uani sisi wawili na vitambaa vyetu vyeusi, na hakuna aliyemtazama mwenzake.