Hatua Kumi za Lami

Yonathani Mwazembe alikuwa mtu wa kupima. Hakujenga hata banda la kuku bila kamba na vigingi vinne. Watu wa kitongoji cha Isega, pale kwenye mteremko wa barabara kuu iendayo Tunduma, walimchagua kuwa mwenyekiti mara tatu kwa sababu hiyo hiyo: Yonathani akigawa, hakuna anayenuna. Awe ng'ombe wa sikukuu, iwe zamu ya bomba, liwe shamba la marehemu asiyeacha wosia, yeye hupima kwanza, halafu ndipo anasema.

Mteremko ule ulikuwa umeshamla mtoto wake wa kwanza. Siku hizo barabara ilikuwa nyembamba. Malori ya shaba yalikuwa yameikandamiza lami mpaka ikachimbika mifereji miwili ya matairi, na pembeni ilikuwa imemeguka kama mkate uliogugunwa na panya. Emanueli, kijana wa miaka kumi na saba, alikuwa anatoka mashineni na baiskeli, unga umefungwa nyuma. Lori likambana. Gurudumu la baiskeli likaporomoka kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo, akajitahidi kuirudisha juu, ikagoma, ikamtupa upande wa lori. Baada ya matanga Yonathani alikwenda peke yake akainama pale, akapima kwa mkono ule ukingo. Shibiri moja na vidole viwili.

Akabaki na Fortunata. Wakati huo binti alikuwa darasa la tano, na shule ya sekondari iko chini ya mteremko. Hakuna njia nyingine. Kulia ni korongo, kushoto mashamba ya watu yenye maboma ya miiba. Miaka minne angepita pale, asubuhi akishuka, alasiri akipanda. Tangu hapo Yonathani alikuwa na shauri moja tu duniani: Fortunata apate mahali pa kukanyaga.

Akaandika barua. Alipeleka kwa mtendaji, akapeleka wilayani, akapanda gari mpaka mkoani akiwa na mchoro wa mteremko alioupiga kwa rula, vipimo vyote pembeni. Mkewe, Conjesta, alimwambia, "Baba Fortunata, hao watu wana barabara ya nchi nzima. Watakuona wewe na shibiri yako?" Akajibu, "Wasiponiona mwaka huu, wataniona mwakani." Wakamwona mwaka wa nne.

Mafundi walikwangua mifereji yote, wakamwaga lami mpya, wakapiga mstari mweupe, na nje ya mstari, upande wa wanaoshuka, wakaacha bega la lami tupu, pana kama kitanda cha watu wawili. Fortunata alikuwa amefika kidato cha pili. Siku ya kwanza alitembea kwenye bega lile akipunga mkono, na baba yake amesimama juu ya kilima akimtazama mpaka akapotelea kwenye kona. Conjesta anasema ndiyo siku pekee aliyomwona akilia tangu msiba.

Hiyo ilikuwa Aprili. Julai mahindi yakaiva.

Julai ya huku Mbozi ni baridi. Umande haukauki mpaka saa nne, jua lenyewe linapita kama mgeni mwenye haraka, na mahindi yakianikwa chini hushika mchanga na uvundo. Mnunuzi wa kutoka Tunduma hatii punje mfukoni kabla ya kuitia jino. Isipolia, anapanda gari lake anaondoka. Ila lami nyeusi hushika joto. Mama mmoja akamwaga debe mbili begani, baada ya siku tatu punje zikalia kama kokoto. Kesho yake wakamwaga watano. Keshokutwa wawili wakashikana mashati.

"Mwenyekiti, njoo ugawe!" wakasema.

Akaja. Akapima kwa miguu yake, hatua kumi kwa kila kaya, akaweka mawe mwanzo na mwisho wa kila kipande.

"Aa, Mwenyekiti!" akapiga kelele Jonasi, jirani yake, mzee wa utani usioisha. "Ukifika kwangu unatembea kama bibi harusi, ukifika kwako unaruka kama swala!"

"Jonasi, hata niruke mpaka Zambia, utasema kidogo."

"Basi ruka, ila mke wangu umwache huku."

Wanawake wakaangua kicheko. Kipande cha mwisho, karibu na kona, alimpa Mwamvua, mjane aliyehamia na binti yake Loisi kutoka Ndalambo, bondeni Momba. Alikuwa mgeni, na wengine walinong'ona, lakini Yonathani akasema kaya ni kaya. Kisha, kwa kuwa alijua ugomvi wa kesho, akaweka sheria kabisa mbele ya wote: mtoto atakayekanyaga mahindi ya mtu, mzazi wake atalipa debe moja.

Jioni ile Fortunata aliuliza, "Baba, sasa sisi tunapita wapi?"

"Piteni kwenye mstari. Mwende upande wa kulia, mnatazama magari yanayokuja."

"Lakini mstari ni ndani ya barabara."

"Ni wiki mbili, mwanangu. Yakikauka tunatoa."

Alisema hivyo na moyo ukamchoma, kwa maana si mjinga. Lakini aliwaona wale mama wakipepeta kwa furaha, akaona gunia zake mwenyewe nane zikiwa mbichi, na mtu wa haki akishagawa ni vigumu kutengua.

Siku ya sita ikasimama pikapu ya watu wa barabara. Akashuka dada mmoja mwenye fulana ya kung'aa, jina lake Erica, mhandisi. Akatazama mawe yaliyopangwa, akashika kiuno.

"Mwenyekiti ni nani hapa?"

"Ni mimi, mama."

"Shikamoo. Mzee wangu, hiki si kiwanja cha kuanikia. Bega ni la gari lililokosa pa kwenda, na la mtu wa miguu. Mmeziba vyote viwili. Tena na mawe!"

"Marahaba. Tupe wiki moja tu, mama. Yatakuwa yamelia."

"Ni wewe uliyeleta ule mchoro mkoani?"

"Ndiyo."

Dada yule akatikisa kichwa, akapanda gari bila kuaga.

Usiku ule Yonathani hakumwambia mkewe. Asubuhi alisema atawaita watu Jumapili baada ya ibada.

Ikawa Alhamisi, saa kumi alasiri. Lori lilikuwa linapanda polepole, limejaa saruji. Nyuma yake gari dogo jipya, la yale yanayotolewa bandarini kupelekwa Zambia, dereva hana subira. Tangu lami mpya imwagwe, magari hayo yalikuwa yanapita pale kama mshale. Mashimo ya zamani angalau yalikuwa yanawazuia. Likachomoka kulipita lori. Juu, basi dogo lilikuwa linashuka. Dereva wa basi akavuta kushoto, kuelekea begani, akayaona mawe, akarudisha kidogo, akabana kwenye mstari mweupe. Kwenye mstari mweupe walikuwa wanapanda Fortunata na Loisi.

Mwenye gari dogo hakusimama. Waliofika kwanza walimkuta Loisi amekaa katikati ya mahindi, hana hata mchubuko. Fortunata alikuwa hatua chache mbele, nje ya mawe, alipotupwa na basi. Walimpakia kwenye pikipiki, mtu akimshikilia nyuma, lakini hakufika hospitali ya Vwawa.

Walimzika Jumamosi, kando ya kaka yake. Askari wa usalama barabarani alikuja na futi, Yonathani akamshikia upande mmoja wa futi bila kuombwa. Watu walimwambia, "Ni kazi ya Mungu, Mwenyekiti." Akajibu, "Si Mungu, ni mahindi." Jonasi, ambaye hakufanya utani siku zote tatu, akasema taratibu, "Usitubebeshe hilo, ndugu yangu. Tutaishije nalo?"

Siku ya nne baada ya maziko Mwamvua alikuja na debe la mahindi kichwani, Loisi nyuma yake. Mtoto akapiga goti.

"Shikamoo baba. Nilikanyaga mahindi ya mzee Jonasi."

Yonathani hakuelewa.

"Basi lilipokuja niliruka mle ndani. Fortunata hakuruka. Alisema, 'Ya watu hayo, baba atalipishwa,' akakimbia kutafuta mwisho wa mawe." Loisi akafuta pua kwa mkono. "Mwisho ulikuwa mbali."

Mwamvua akatua debe. "Sheria ni sheria, Mwenyekiti. Sisi wageni hatutaki maneno."

Conjesta, aliyekuwa ndani, alitoa sauti moja tu, kama kitu kilichokanyagwa. Yonathani akasimama akitazama lile debe. Halafu akamwinua mtoto, akamtwisha Mwamvua debe lake tena, akatoka uani bila kofia.

Alikwenda barabarani. Akayaokota mawe ya kipande chake, akayatupa korongoni, akayafagia mahindi yake mbichi udongoni. Akashika jiwe la kipande cha pili. Mama mwenyewe akamshika mkono, akilia. "Baba, nina watoto watano. Siku mbili tu." Nyuma yake wengine wamesimama, kila mtu kwenye hatua zake kumi. Akaliachia lile jiwe.

Shule ilikuwa imetoka. Watoto walikuwa wanapanda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, juu ya rangi nyeupe. Yonathani akaingia katikati ya mahindi ya watu, mpaka kwenye vifundo.

"Piteni huku!" akawaita. "Kanyageni! Mimi nimesema, kanyageni!"

Watoto walisimama. Wakamtazama yeye, wakawatazama mama zao. Hakuna mama aliyesogeza jiwe lake. Lori likapiga honi kule chini. Yule wa mbele akashika begi lake vizuri, wakaendelea kupanda, kila mmoja akiangalia sana asikanyage ndani ya mawe.